Kutoka Kivukoni: maeneo ya kihistoria na vivutio vya asili kuzunguka Ifakara

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Kivukoni, atadhani unakwenda kupanda pantoni ya Kigamboni au kununua samaki Feri. Kivukoni ya makala haya iko mbali na bahari. Ni ng'ambo ya Mto Kilombero ukitokea Ifakara, upande wa Wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Jina lake limetokana na kazi iliyofanyika hapo kwa miaka mingi: kuvusha watu, mizigo na magari. Leo kivuko hakipo, jina limebaki.

Wageni wengi wanaofika Ifakara huja kwa shughuli: kuuguza ndugu hospitalini, kununua mpunga, kuhamia kikazi, kusoma. Wachache huja kutembea. Wale wanaokuja kutembea hushuka Mang'ula, wanapanda Udzungwa, kisha wanageuza kurudi Mikumi bila kujua kwamba mwendo mfupi mbele yao kuna bonde ambalo lina ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Makala haya yanaeleza nini kipo, kimetokeaje, na unapaswa kujua nini kabla ya kufunga safari.

Daraja na mto

Anza na daraja. Kutoka Ifakara mjini ni mwendo mfupi wa bodaboda au bajaji. Daraja la Mto Kilombero lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa na Rais John Magufuli Mei 2018, likapewa jina la Daraja la Magufuli. Usilichanganye na lile refu zaidi la Kigongo–Busisi kule Mwanza, ambalo nalo limepewa jina lake.

Kabla ya hapo, safari ya Mahenge au Malinyi ilitegemea kivuko. Magari yalipanga foleni, abiria walishuka, na kando ya foleni hiyo waliishi mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, wauza ndizi na vijana wa kubeba mizigo. Kivuko kikiharibika, watu walivuka kwa mitumbwi na magari yalisubiri. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama mtoni hapo, na tangu siku hiyo kilio cha kutaka daraja likamilike kilikuwa kikubwa zaidi. Daraja lilipofunguliwa, safari ya mgonjwa kutoka Lupiro hadi hospitali ya Ifakara haikusubiri tena mtu wala mashine. Lakini magari sasa yanapita bila kusimama, na biashara iliyotegemea kusimama kwao ilikosa wateja. Mgeni anayeshuka na kununua samaki hapo anafanya jambo dogo lenye maana kwa mwenyeji.

Simama pembeni mwa daraja (si katikati ya njia, malori hayana subira) utazame mto. Huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya maji ya Rufiji: makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu asilimia 62 ya maji ya Rufiji kwa mwaka hutoka Kilombero. Mto huu hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo ndipo Rufiji huitwa Rufiji. Maji unayoyaona chini ya daraja yatafika kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115. Kwa hiyo mtu anayelima hadi ukingoni mwa mto Ifakara na mtu anayewasha taa Tabata wana uhusiano, hata kama hawajuani.

Bonde lenyewe limekaa kama karai refu. Upande wa kaskazini-magharibi ni milima ya Udzungwa, upande wa kusini-mashariki ni milima ya Mahenge. Mito Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi, Ruipa, Lumemo na mingine inashuka kwa kasi kutoka milimani, inafika kwenye uwanda ulio tambarare, inapunguza mwendo na kutawanyika. Upande wa kutokea bonde linabana, maji hayatoki haraka kama yanavyoingia. Matokeo yake ni mafuriko ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida hufika kileleni Aprili na Mei. Uwanda wa mafuriko una urefu wa kama kilometa 260 na mahali pengine upana wake hufika kilometa 52. Mafuriko hayo ndiyo yanayoleta samaki na rutuba ya mpunga, na ndiyo hayohayo yanayobomoa nyumba. Watu wa Ifakara wanaujua Mto Lumemo kwa sababu hiyo.

Ndege watatu na mnyama mmoja

Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la hekta 796,735. Moja ya sababu ilikuwa sheshe, swala wa rangi ya dhahabu anayependa nyasi za majimaji. Wakati huo ilielezwa kwamba karibu asilimia 75 ya sheshe wote duniani waliishi Kilombero.

Hapa ni lazima tuseme ukweli, kwa sababu vipeperushi vingi vya utalii bado vinanukuu takwimu hiyo kana kwamba ni ya jana. Idadi ya sheshe imeporomoka vibaya. Mifugo iliingia kwa wingi, mashamba yakasogea hadi maeneo waliyokuwa wakikimbilia maji yanapojaa, na ujangili ukaongezeka. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuondoa mifugo katika wilaya za Kilombero na Ulanga, operesheni iliyoacha malalamiko kwa wafugaji na haikumaliza tatizo. Lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero tangu enzi za mkoloni sasa ni Pori la Akiba, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na mipaka yake imekuwa chanzo cha mivutano na vijiji. Mgeni anayetaka kumwona sheshe anahitaji kibali cha kuingia, mwenyeji anayejua njia, na moyo wa kukubali kwamba huenda asimwone.

Ndege ni habari nyingine. Ukitaka kumwona kwera wa Kilombero, huhitaji kuingia porini. Matete ya kandokando ya mto pale Kivukoni yanatosha. Ni ndege mdogo wa manjano, dume ana uso mweusi, na viota vyake vinaning'inia juu ya maji. Alielezwa kisayansi mwaka 1990 na Neil na Elizabeth Baker. Wanakijiji walikuwa wakimwona siku zote, lakini kwenye vitabu vya ndege hakuwemo. Katika matete hayohayo kuna shoro wawili, ndege wadogo wa rangi ya udongo ambao macho ya kawaida hayawatofautishi na shoro wengine. Walijulikana kwa wataalamu kwa miaka mingi bila jina rasmi, mpaka 2021 walipopewa: Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni. Wote watatu, kwera na shoro hao wawili, hawaishi mahali pengine popote nje ya bonde hili. Ndiyo maana utawaona wazungu wenye darubini wamesimama kando ya mto saa moja asubuhi wakitazama kitu ambacho sisi tunaona ni majani tu.

Matete hayo ndiyo yanayochomwa na kufyekwa kila kiangazi kupata shamba. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Ukipata mtumbwi, utapelekwa na mtu anayepiga pondo, na safari fupi ya saa moja inatosha kuona viboko, mamba na wavuvi wakitega. Wandamba ndio wenyeji wa maji haya. Uvuvi na, zamani, uwindaji wa kiboko kwa mtumbwi ni sehemu ya historia yao. Patana bei kabla hujapanda. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na kama halipo, usipande mtumbwi uliojaa. Jioni usikae ukingoni. Kiboko hutoka majini kula giza linapoingia, na mtu aliyesimama kati yake na maji yuko hatarini.

Ifakara mjini

Mji hauna majengo ya kupigia picha kama Bagamoyo. Historia yake ni ya aina nyingine, ya hospitali na maabara. Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua kazi ya misheni eneo hili kutoka kwa Wabenediktini wa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imetokana na kazi yao. Mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi alifungua hapa maabara ndogo ya utafiti. Maabara hiyo ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo.

Kwa nini Ifakara? Kwa sababu ya mbu. Bonde lenye maji mengi na mashamba ya mpunga lilikuwa na malaria kali kuliko sehemu nyingi za nchi. Watoto wa kijiji cha Idete walishiriki majaribio ya chanjo ya SPf66, ambayo matokeo yake, yaliyotangazwa 1994, yalionyesha kinga ya asilimia 31. Chanjo hiyo haikufika mbali, lakini utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika katika vijiji hivi ulisaidia kubadili sera ya nchi. Vijiji vya Kivukoni, Minepa na Lupiro vinatajwa mara kwa mara katika majarida ya kisayansi ya dunia. Taasisi ina hata eneo la nyumba kubwa za wavu ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa. Si eneo la utalii. Anayetaka kulitembelea, kwa mfano shule, aandike barua mapema.

Mahenge na kumbukumbu ya Maji Maji

Kutoka Kivukoni unaendelea hadi Lupiro, ambako njia hugawanyika: moja kwenda Malinyi, nyingine kupanda Mahenge. Ifakara hadi Mahenge ni kama kilometa 72. Barabara inapanda milima, hewa inabadilika, na ukifika juu utahitaji sweta.

Wajerumani walijenga boma Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia. Ilikuwa majuma machache baada ya Kinjikitile Ngwale kunyongwa kule pwani, na dawa ya maji ilikuwa imekwisha kusambaa hadi bondeni. Washambuliaji walikwenda uwanjani mbele ya bunduki za rashasha wakiamini risasi zitageuka maji, na mamia waliuawa. Hata hivyo boma lilibaki limezingirwa hadi Septemba, kikosi cha Nigmann kilipofika kutoka Iringa. Baada ya hapo jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Miaka 12 baadaye Mahenge iliona vita vingine visivyokuwa vyake. Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika.

Ukifika, fika pia Kwiro, misheni ya zamani iliyo jirani na mji. Lakini usitarajie kibao cha maelezo kila mahali. Kinachokosekana Mahenge ni maelezo yaliyoandikwa papo hapo. Historia iko kwa wazee, na njia ya heshima ya kuipata ni kupitia ofisi ya kijiji au mtaa, kusalimia, kueleza nia yako, na kutokwenda na haraka ya kupiga picha. Wengine watakuambia habari za madini ya spineli ya Ipanko, ambayo tangu 2007 yameifanya Mahenge ijulikane kwa wafanyabiashara wa vito duniani. Migodini usiende bila mwenyeji.

Reli ya Uhuru

Rudi bondeni. Reli ya TAZARA inapita Ifakara, na kwa msafiri mwenye muda ndiyo njia nzuri kuliko zote za kufika. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ilikuwa jibu la Mwalimu Nyerere na Kaunda kwa Zambia iliyokuwa imefungwa kusini na tawala za walowezi. China ilitoa mkopo usio na riba na maelfu ya mafundi. Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kubwa za ujenzi, na wazee wa hapo bado wanasimulia kazi ya zamu usiku na mchana.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuanzia Mlimba kupanda Makambako. Hapo reli inaacha bonde na kupanda ukuta wa milima kwa mahandaki na madaraja mfululizo. Ukipita mchana, kaa dirishani. Upande wa pili, kati ya Dar es Salaam na Kidatu, treni inapita ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, sasa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na abiria huona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. Kidatu ndipo reli hii inapokaribiana na tawi la Reli ya Kati, lakini upana wa njia si sawa: milimita 1,067 kwa 1,000. Behewa la huku haliwezi kuingia kule, mzigo lazima uhamishwe.

Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kwa sasa, usipange safari kwa ratiba uliyoikuta kwenye ukurasa wa zamani. Uliza stesheni.

Udzungwa na Magombera

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na lango lake kuu liko Mang'ula, kati ya Kidatu na Ifakara. Haina barabara za magari ndani. Unatembea kwa miguu ukiwa na askari au mwongoza wageni, na hilo linaifanya iwe rahisi kwa mfuko wa Mtanzania kuliko hifadhi zinazohitaji kukodi gari.

Safari inayopendwa zaidi ni ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Panga nusu siku, beba maji, vaa viatu vinavyoshika. Juu ya maporomoko unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yamelala chini kama mkeka wa kijani. Wenye nguvu hupanda kilele cha Mwanihana kwa siku tatu. Njiani unaweza kusikia mbega wekundu wa Udzungwa kabla ya kuwaona, na ukibahatika ngolaga wa Sanje, nyani mdogo ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wanakijiji walikuwa na jina lake.

Kuna jambo ambalo mgeni halioni. Kabla ya 2011, wanawake wa vijiji vya Mang'ula na Sanje waliruhusiwa kuingia hifadhini kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo ilifutwa. Msitu ulipata nafuu, lakini mzigo wa kutafuta nishati ulihamia kwa kaya ambazo ukuta wa nyumba yao unapakana na hifadhi. Tembo nao hawajui mpaka. Wakulima wengine wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na mkulima hubaki na asali.

Mashariki ya barabara, kuna msitu mdogo wa Magombera, wa tambarare, mabaki ya msitu uliounganisha Udzungwa na Selous. Kwa miongo kadhaa ulikuwa ukisubiri ulinzi huku ukimegwa, hadi ulipotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2019. Kinyonga wa Magombera alipatikana kwa namna ya ajabu: mtafiti Andrew Marshall alimshtua nyoka aliyekuwa akimla, nyoka akamtema na kukimbia. Spishi mpya ikatangazwa 2009 kutokana na mlo wa nyoka.

Chura wa Kihansi

Ukielekea Mlimba, milima iko kulia kwako muda wote, na karibu na Chita kuna bonde jembamba la Mto Kihansi. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukiendelea, watafiti walikuta kwenye manyunyu ya maporomoko chura wa manjano mdogo kiasi cha kukaa juu ya sarafu. Hatagi mayai, anazaa watoto kamili. Eneo lake lote duniani lilikuwa hekta chache.

Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye handaki na manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa bondeni, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 vyura wakafa ghafla, huku ugonjwa wa ukungu ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 waliozaliwa Marekani walirudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Wakati huo kulikuwa na Watanzania waliouliza bungeni na mitaani kwa nini fedha zitumike kwa chura. Swali hilo si la kijinga, na wala jibu si jepesi: umeme ulihitajika, na chura hakuwa na pengine pa kwenda.

Kuingia kwenye bonde la chura kunahitaji kibali, na viatu husafishwa kwa dawa ili usiwaletee ugonjwa. Usifike bila mpango.

Lini na kwa namna gani

Juni hadi Oktoba ni miezi rahisi: barabara kavu, maji yameshuka, njia za Udzungwa haziteleza sana. Kwa ndege, kwera hasa, wakati wa mvua na mara tu baada yake ndipo dume ana rangi kamili, lakini masika barabara za Malinyi na Mlimba huweza kukatika. Mabasi hutoka Msamvu, Morogoro, kupitia Mikumi na Kidatu.

Hifadhi za Taifa hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha mkononi. Beba kitambulisho cha Taifa, kwa kuwa bila hicho unaweza kutozwa bei isiyokuwa yako. Beba chandarua, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu. Na ukirudi Ifakara kabla ya basi la alfajiri, nenda Kivukoni tena jua linapokucha, ukiwa na muda wa kutosha kunywa chai na kula kambale wa kukaanga kabla ya gari kuondoka.